Swali la Kitanda cha Bridie

Jumatatu, 10 Novemba

Kliniki leo, chumba cha nyuma cha baa ya Gormley. Hakuna daktari wala dawa. Ni mimi tu, mbunge wao, na meza inayoyumba. Lakini huku kila mtu anaita kliniki na mimi nimezoea. Mvua tangu alfajiri. Wa kwanza alikuja na shimo la barabara ya Derrinlough — lile lile la mwaka jana, sasa limekua. Wa pili anataka pasipoti ya mwanawe kabla ya Krismasi. Wa tatu hakutaka chochote, alikuja kuota moto. Karibu, nikamwambia, wewe ndiye mpiga kura ninayempenda kuliko wote.

Halafu trekta likaunguruma uani. Packie Tiernan. Packie ni kiziwi karibu kabisa, na huongea kama anaita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Hata mlango hakufunga.

"Binti Hughie! Wanamwondoa Bridie!"

Baa nzima ikageuka. Baba yangu Hughie amekufa miaka mingi, lakini kwa Packie mimi ni binti Hughie mpaka kiama.

Mambo yenyewe ni haya. Hospitali ya wazee ya Knockaveel inafungwa mwisho wa mwezi. Eti milango ya kuzuia moto haifai. Wazee wote watahamishiwa mjini, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari. Kwa muda tu, wamesema. Kwa muda! Posta yetu nayo ilifungwa kwa muda, leo kunguru wamezaliana humo.

Bridie ni mkewe. Alipatwa na kiharusi, hasemi tena, amelazwa pale Knockaveel kitanda cha dirishani. Kila alasiri Packie huenda kwa trekta maana gari lilishamfia. Humchana nywele, humpa habari za ng'ombe. Mjini hawezi kwenda kwa trekta, na basi hakuna.

"Wakimpeleka huko," akasema, na kwa mara ya kwanza maishani nikamsikia akiongea polepole, "nitamwona tena akiwa ndani ya sanduku."

Nikamwambia nitamuuliza Waziri swali Bungeni. Ikabidi nirudie kwa kelele.

"Swali?" akasema. "Sitaki swali mimi. Nataka jibu!"

Nililia garini wakati wa kurudi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Jumanne, 11 Novemba

Treni, halafu Dublin, halafu hotuba. Ukumbini tulikuwa wachache, na mmoja amesinzia. Nikasema yote: Knockaveel, milango, barabara, mtu na mkewe. Sikumtaja Packie kwa jina. Naibu Waziri akajibu kwa maneno laini ambayo ukiyakamua hayatoi hata tone.

Mbunge mmoja kijana wa mjini, Ruairí Tansey, akaropoka kutoka upande wa pili: huyu mama ameanza tena na vijumba vyake vya mashambani. Sikungoja ruhusa. Nikamwambia maziwa ya kahawa yake hayakukamuliwa barabara kuu ya Dublin! Spika akagonga kengele. Nilikuwa na hasira hadi masikio yamewaka.

Sasa ona. Jioni kantini, nimekaa peke yangu nanung'unika, huyu hapa Tansey na sahani ya chipsi. Akaiweka katikati yetu. Akasema bibi yake alilelewa katika nyumba kama ile, na kwamba ameropoka ovyo, nimwie radhi. Ataweka jina lake chini ya swali langu. Tukala chipsi zote. Ahsante Mungu kwa watu wanaojua kurudi nyuma. Mimi sijui sana.

Jumatano, 12 Novemba

Jibu la maandishi limefika, la swali nililopeleka juzi: suala hili limefikishwa kwa ofisi inayohusika. Kama nilivyotarajia. Ningeuliza kama jua linachomoza mashariki wangenijibu hivyo hivyo.

Lakini! Leo wamepiga kura ya bahati ya maswali ya kuuliza kwa mdomo. Wanatia mkono sandukuni, linalotoka kwanza ndilo linatangulia. Miaka yote mimi hutoka mwisho, muda unakwisha kabla sijaitwa. Leo langu la Knockaveel — la kwanza! Jumanne ijayo, Waziri wa Afya mwenyewe, ana kwa ana.

Nikampigia Colm mume wangu. Alikuwa zizini.

"Swali langu limetoka la kwanza!"

"Vizuri," akasema. "Na Bessie amezaa. Jike."

Basi siku njema kwa wote. Nampenda mtu huyu.

Alhamisi, 13 Novemba

Senan Coggins amefariki. Diwani wetu, wa chama cha Waziri. Miaka ishirini ameniita "yule mama wa mashimo" kwenye kila mkutano. Nami nilimwita majina nisiyoyaandika hapa.

Nimelia na sikutegemea. Usiku ule niliposhindwa uchaguzi wangu wa kwanza, kila mtu alinikwepa ukumbini. Yeye ndiye aliyeniletea kiti na kusema, kaa mama, miguu haina chama.

Narudi nyumbani kwa treni ya kesho asubuhi.

Ijumaa, 14 Novemba

Sijui nianzie wapi.

Msiba nyumbani kwa Coggins. Senan sebuleni ndani ya jeneza, wazi, suti yake ya buluu, rozari vidoleni. Viti vya wafiwa vimepangwa ukutani, na watu foleni kutoka getini wakipita kuwapa mkono mmoja mmoja. Mimi nikaenda moja kwa moja jikoni, mahali pa majirani. Sandwichi, keki ya zabibu, vikombe, vikombe, vikombe.

Concepta, mjane, akanivuta kando ya sinki. Macho mekundu lakini sauti imenyooka. Akasema Waziri wa Afya yuko njiani anakuja kumuaga Senan.

"Nakujua, Dympna. Leo hakuna siasa katika nyumba hii. Senan alishashiba."

Nikamwapia. Nilimaanisha pia. Lakini jamani! Waziri anakuja mwenyewe, anapita umbali wa mkono wangu, nami nimeshika birika la chai na mdomo umefungwa! Nilimwaga chai kwenye sahani mbili.

Akafika. Mtu mrefu, koti jeusi, amechoka uso. Alijipanga foleni kama kila mtu, nikampa alama kwa hilo. Akaanza kushika mikono: Concepta, watoto, dada wa marehemu. Na mwisho wa safu, kiti kilicho karibu kabisa na jeneza, amekaa nani? Packie! Alikaa pale ili aisikie rozari. Hakuna aliyemwondoa, nani atamwondoa Packie? Kwa hiyo Waziri akadhani ni kaka wa marehemu. Akainama, akashika mkono wake kwa mikono miwili, akasema kwa huzuni ya kweli:

"Pole sana kwa kufiwa, mzee wangu."

Packie alimtazama sana. Mkono hakuuachia.

"Mimi sijafiwa," akasema, na sauti yake ile ya bondeni. "Bado. Mke wangu yuko hai, pale juu Knockaveel, kitanda cha dirishani. Wewe ndiye wa milango?"

Sala ya rozari ilikatika. Foleni ikasimama mpaka barabarani. Nilikuwa mlangoni na birika, naapa sikusema neno, hata kukohoa sikukohoa. Waziri akajaribu kuvuta mkono taratibu. Mkono ule umekamua ng'ombe miaka sitini, hauvutwi.

"Njoo umwone," Packie akasema. "Ni hapo tu. Ukishamwona, ufanye utakalo."

Nikamtazama Concepta. Nilidhani atapasuka. Akafunika mdomo kwa leso — akicheka! Anacheka na machozi yanashuka. Akasema Senan angetoa pesa kuiona hii. Kisha akamwambia Waziri, kwa upole kabisa, kwamba ni jirani mwema na chai itamsubiri.

Angekataa vipi, mbele ya parokia nzima na maiti?

Wakaenda. Packie akanikamata mkono nami, kwa hiyo nikaenda. Trekta mbele, gari la serikali nyuma. Njia ile haina pa kupitana, na Packie haendeshi haraka kwa ajili ya mtu yeyote. Dereva wa Waziri alikuwa anauma usukani.

Wodini Packie akavua kofia. "Bridie, huyu ni Waziri. Hana ubaya, amekuja kukusalimia." Akatoa chanuo mfukoni, akaanza nywele zake kama siku zote. Akampa habari: Senan amelala vizuri, suti ya buluu, watu wengi, Bessie wa Dympna amezaa jike. Macho ya Bridie yalimfuata Packie tu. Waziri akasimama miguuni mwa kitanda na koti lake limelowa. Mimi siasa sikuigusa. Nilikuwa nimeapa, na hata bila kiapo nisingeweza.

Kwenye korido ya kutokea Waziri akaniambia: "Nitaangalia, Dympna."

Nitaangalia! Neno hilo nimelisikia kwa mawaziri sita. Lakini uso wake haukuwa wa neno lile. Au najidanganya.

Nikarudi jikoni kwa Concepta, nikaosha vikombe vilivyobaki. Nina shukrani leo mpaka kifua kinauma.

Jumapili, 16 Novemba

Jana tulimzika Senan. Upepo, padri akafupisha, tukamshukuru kimoyomoyo.

Leo baada ya Misa Packie ametangaza uwanjani kwamba Jumanne anakuja Dublin kusikiliza swali. Mara ya mwisho kufika Dublin ilikuwa fainali ya hurling, mchezo wetu wa magongo, na nadhani timu zile zote zimeshazikwa. Nikamuuliza, na Bridie? Nani atamchana?

"Mimi," akasema Concepta nyuma yangu. Mjane wa siku tatu! Mke wa mtu aliyenipinga miaka ishirini! Nikamkumbatia palepale, na mwavuli ukatupindukia wote wawili.

Kutoka wizarani hakuna neno. Matroni wa Knockaveel anasema magari ya kuhamisha yameagizwa kwa Alhamisi. Hayajafutwa.

Nimeandaa hotuba ya swali la nyongeza. Dakika moja naruhusiwa. Ina moto. Colm ameisikiliza mara mbili akila viazi, akasema ni nzuri ila ipunguziwe matusi.

Jumanne, 18 Novemba

Naandika kitini, Bungeni, daftari juu ya goti. Bado sala na taratibu.

Packie yuko juu, jukwaa la wageni, mstari wa mbele. Suti ya Misa, chanuo limechungulia mfukoni. Askari wa Bunge amemwonyesha ubao: wageni hawaruhusiwi kusema, kupiga makofi wala kusimama. Packie akaitikia kwa kichwa. Sidhani alisikia.

Tansey amehama upande wake, amekaa nyuma yangu. Amenipa peremende. Kijana mzuri huyu, nimesema.

Waziri ameingia. Hajanitazama. Ishara mbaya?

Limeitwa. Swali namba moja. Nimesimama, nimesoma, nimekaa.

Anajibu. Anasoma: tathmini ya usalama — uboreshaji wa miundombinu — mpango wa mpito unaomzingatia mtumiaji wa huduma — kwa kuzingatia rasilimali zilizopo — Yaleyale! Moyo umenishuka mpaka kwenye viatu. Anasoma haraka, uso chini. Nashika hotuba yangu, sasa nitamwonyesha —

"Amesemaje?"

Mungu wangu. Packie. Amesimama, ameshika reli, mkono sikioni.

"Binti Hughie! Amesemaje? Bridie anabaki au anaondoka?"

Kengele ya Spika. Spika amesema mgeni atolewe. Wanacheka upande wa kule, halafu wameacha kucheka. Askari wawili wanashuka ngazi kuelekea kwake, na mmoja ameshamgusa bega. Packie hana habari nao. Anamtazama Waziri tu, anangoja, kama mtu aliyeuliza njia.

Waziri ameinua mkono.

"Mwacheni, Mheshimiwa Spika. Naomba. Mzee hajanisikia, na kosa si la masikio yake." Amefunga jalada la wizara. Watu wake wa wizarani pale pembeni wanatazamana, mmoja amesimama nusu kama wa kumzuia. "Nitamjibu kwa maneno ya kawaida."

Hotuba yangu imeanguka chini, siiokoti. Waziri amejigeuza, mgongo kwa Spika, uso juu kwa Packie, na amevuta pumzi ya mtu anayetaka kusikika ng'ambo ya bonde —