Majalada Niliyoyaweka Kichwani

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu na za wifi yako. Sisi wazima, isipokuwa goti langu linalolalamika kila nikipanda ngazi. Wewe na shemeji hamjambo? Kikohozi cha mtoto kimeisha?

Usishtuke kupata barua ndefu katikati ya mwezi. Nipo nyumbani. Serikali imeishiwa, hivyo kila mtumishi anakwenda likizo ya lazima mwezi mmoja bila mshahara, kwa zamu. Nikueleze vizuri: hatukufukuzwa, ila ofisini hatukanyagi wala hatugusi karatasi, maana tukifanya kazi itabidi tulipwe. Wifi yako alisema likizo hiyo imetolewa na serikali, yeye hajatoa, akanikabidhi ukuta wa jikoni niupake rangi.

Unajua nimeongoza masijala, kile chumba cha majalada ya watumishi, miaka ishirini na sita. Siku ya tisa msaidizi wangu, yule binti tunayemwita Kasi, alinipigia simu. Dereva wetu mstaafu alikuwa amekuja mara ya tatu. Bila jalada lake mafao hayaanzi, na mkewe anasubiri upasuaji. Dereva mwenyewe alichukua simu akanitania kwamba alinibeba miaka yote hiyo asinipoteze, mimi nimempoteza ndani ya chumba kimoja. Nikacheka. Kisha nikamwambia Kasi aendelee kutafuta.

Mdogo wangu, nilijua lilipo. Majalada hupangwa kwa namba, na namba huandikwa kwenye daftari la orodha. Miaka kumi na miwili iliyopita, uliposikika uvumi wa kupunguza watu, niliacha kuandika orodha, nikayapanga nijuavyo mimi peke yangu. Nilitaka waseme bila mzee huyu ofisi haiendi. Siku ile nilitaka wakubwa wahangaike kidogo. Kumbe aliyehangaika ni dereva.

Kesho yake nilipaka ukuta uleule mara mbili bila kujua. Wifi yako akauliza nina nini, nikamweleza yote. Aliniambia nishuke ngazi kwanza, ndipo aniseme vizuri. Akanisema. Nikampigia Kasi: rafu ya nne, nyuma ya majalada ya gereji. Lilipatikana kabla sijakata simu. Mafao yamepitishwa, na mama yule analazwa Jumatatu.

Nilikiri pia kwa mkuu wetu. Ameniandikia onyo, nami nimelistahili. Sasa kila jioni Kasi hupitia hapa. Mimi nakumbuka, yeye anaandika. Tumeshavuka majalada mia nane. Mkuu anasema kunywa chai na kuzungumza sebuleni kwangu si kazi.

Kila ulipoomba nije kukutembelea, nilikujibu kwamba ofisi haiwezi kubaki bila mimi. Ilikuwa kweli, kwa kuwa niliifanya mwenyewe iwe kweli. Orodha itakamilika kabla sijarudi kazini. Nitandikieni kitanda mwezi wa nane, nakuja kukaa wiki mbili.

Msalimie shemeji, na mtoto mbusu kwa niaba yangu.

Ni mimi kaka yako,
mpaka rangi wa jikoni