Mlio wa Kamba

3 Machi

Dada,

Shikamoo. Natumaini u mzima na kile kikohozi kimekuachia. Mimi sijambo, ila mwenye ukumbi wa michezo ananipandisha presha. Mashine yetu ya mchezo, ile ya wapanda mlima wawili waliofungwa kamba moja, imefika kwake, na mlio wa kamba uliourekodi anasema unaudhi wateja, eti kama mlango usiotiwa mafuta. Nimeutoa, nikaweka muziki. Nimeujaribu mchezo mwenyewe, unakwenda vizuri. Usinune.

Mdogo wako

9 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Kikohozi kimepona, sasa naumwa na wewe. Umeutoa bila kuniuliza? Nimeivuta kamba ya kuanikia nguo wiki nzima, hadi jirani akaja kuuliza mbuzi gani amenasa. Mlio ule unaanza kamba ikikaribia kukaza, ili wa mbele amngoje wa nyuma. Macho ya wa mbele yako kwenye mawe yanayoporomoka; atajuaje mwenzake amebaki? Urudishe.

Dada yako

2 Aprili

Dada,

Shikamoo. Habari za shemeji? Za hapa mbaya. Watu wanacheza mara moja, wanaondoka wakitukanana. Jana mtu na mkewe waliingia wakicheka. Mume akaruka, wapandaji wao wote wawili wakaporomoka. "Umenivuta!" mume akafoka. "Wewe ndiye usiyeniangalia!" Mke akachukua mkoba akaenda zake, mume akaipiga mashine teke. Mwenye ukumbi ametupa muda mpaka mwisho wa mwezi, la sivyo anairudisha, na hapo karakana yetu tufunge. Maji yamenifika shingoni na kosa silioni. Mimi nikicheza hapa karakana, kwenye ile mashine ya majaribio, nafika kileleni kila mara.

Mdogo wako

6 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Shemeji yako hajambo. Sikio la kufa kweli halisikii dawa. Hebu niambie, unacheza na nani?

Dada yako

11 Aprili

Dada,

Shikamoo. Nacheza peke yangu. Mpini mmoja mkono wa kushoto, mwingine wa kulia. Tangu uolewe uhame, karakana nzima ni mimi na feni.

Nimeandika hayo nikaweka kalamu chini. Mkono wangu wa kulia hauwezi kuuacha wa kushoto nyuma, kichwa ni kimoja. Ndiyo maana mlio wako kwangu ulikuwa kelele tu. Nimeurudisha, hapa na kule ukumbini. Njoo tuujaribu wawili, sina mtu mwingine.

Mdogo wako

22 Aprili

Dada,

Shikamoo. Mzima kweli? Hujajibu. Nitukane basi, lakini jibu.

Mdogo wako

25 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Mzima, na hasira bado ninazo. Mlio ningeweza kurekodi mwingine. Kinachoniuma ni kwamba tuliitengeneza mashine wawili, ukaamua kama vile mimi nimeshakufa.

Jumamosi nakuja. Iwashe mapema, mlango uache wazi. Nisipousikia mlio toka barabarani, nageuza.

Na mpini wa mbele nashika mimi.

Dada yako