Kitambaa Cheupe cha Uwanja wa Kasongo

Mpendwa yaya Ramazani, kaka yangu,

Sijui nikuandikie wapi. Wengine wanasema uko Usumbura unatengeneza malori, wengine kwamba ulivuka ziwa ukaenda Kigoma, na mchuuzi mmoja wa samaki wa chumvi aliniapia kuwa alikuona Albertville ukinyoa watu sokoni. Huyo wa mwisho simwamini, maana hata ndevu zako mwenyewe ulikuwa unajikata. Basi barua hii nimeiandika mara tatu, kwa zile herufi za Kiarabu tulizofundishwa katika chuo cha Kurani, na nimewapa watu watatu wanaokwenda ziwani. Nimewaomba waisome kwa sauti popote watakapowakuta watu wa Kasongo. Najua watu watanicheka. Wacha wacheke, mradi mmoja wao anakujua.

Kuna jambo nililokuficha, na naogopa kulisema. Naogopa kwamba ukishalijua hutarudi tena. Na wewe unanijua, nikiogopa naanza mbali.

Unakumbuka paa la nyumba ya mama? Mvua ilikuwa imelitoboa, ukapanda kuziba na majani mapya, na mimi mdogo wako nikashika ngazi huku nalia hadi jirani akaja kuuliza nani amefariki. Wewe ulicheka huko juu, ukaniambia: “Mwavita, kazi ya kuogopa ni ya kwako. Miye niko na kazi ya kupanda. Kila mutu afanye yake.” Tangu siku ile tuligawana hivyo. Ulipopanda mchikichi, ulipovuka Lualaba wakati wa mafuriko, ulipolala siku nzima chini ya lori la watu ukilifungua nati moja moja, mimi nilikuwa mahali fulani nikiogopa kwa niaba yako. Kazi niliyopewa niliifanya vizuri, huwezi kusema nilizembea.

Unakumbuka pia kazi ya mama. Mtaani kwetu hakuna mwanamke aliyekufa bila kuoshwa na mikono yake, na mimi tangu nikiwa na miaka kumi na miwili nilimsaidia kukata sanda. Mama alikuwa na sheria moja asiyoipindisha kwa mtu yeyote. Kitambaa cheupe kilipimwa mikononi na kukunjwa mikononi. Hakikutandikwa mpaka maiti awe tayari. Siku moja nilikitandaza sakafuni nipate kukikata sawasawa, akanipiga kofi, yeye ambaye hakuwa mtu wa kupiga. Akasema: “Kitambaa nyeupe usiilaze chini bila mwenyewe. Itamutafuta.” Kofi lile ulikuwepo ukaliona. Ulicheka, mimi nikaliweka moyoni.

Halafu nikaolewa huku Wamaza, na wewe ukapata kazi karibu yangu, kwa yule mzungu tuliyemwita Bwana Pamba. Ulianza na lori lake, ukaishia kwenye ndege yake, ile ndogo ya manjano yenye viti viwili, kimoja mbele ya kingine. Ulikuwa unaiosha kama mtu anavyoosha mtoto wake wa kwanza. Kila asubuhi ulilizungusha lile panga la mbele kwa mikono mpaka injini iwake, na mimi kila asubuhi nilihesabu vidole vyako kichwani mwangu.

Jioni moja ulikuja kula kwangu. Nilikuwa nimepika bukari ya unga wa mihogo na sombe ya majani yake, na wewe ulikuwa unacheka peke yako kabla hata ya kunawa. Ukaniambia kwamba Bwana Pamba ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba hawezi tena kuutofautisha mchikichi na mtu. Hakutaka daktari ajue, maana angenyang'anywa karatasi yake ya kurusha ndege. Kwa hiyo alikuwa anakaa kiti cha nyuma, wewe kiti cha mbele, na kila kiti kilikuwa na usukani wake. Watu walidhani anakubeba kwa ajili ya kuzungusha panga. Kumbe tangu masika yaliyopita mwenye kurusha na kutua ulikuwa wewe.

Uliyasema hayo kwa furaha, mdomo umejaa. Mimi chakula changu kilipoa. Nani asiyejua wakati huu kwamba mtu mweusi haruhusiwi kushika usukani wa ndege? Kuanguka kulikuwa jambo moja. Kugunduliwa kulikuwa gereza na fimbo, na baada ya hapo Mungu ndiye anayejua. Nilikusihi uache. Uliniambia nimalize sombe yangu.

Baada ya hapo ulianza mchezo wako wa kupita juu ya nyumba yangu na kuinamisha bawa moja. Majirani walitoka kupiga makofi. Mimi niliingia chini ya ghala la mpunga na kubaki humo mpaka mlio uishe, halafu natoka na utando wa buibui kichwani nikijifanya nilikuwa natafuta yai la kuku. Leo nakwambia ukweli, hapakuwa na yai. Nilikuwa naona fahari hata inauma, na siku hiyohiyo nilikuwa nakuona umekufa.

Kisha likaja lile kusanyiko la Kasongo. Wazungu wenye ndege zao, kutoka Kindu, Bukavu, Usumbura, wote waje Jumapili moja ya kiangazi waoneshane ndege na kushindana. Uliniambia mashindano yenyewe ni mepesi: kila ndege inapofika itue karibu na alama iliyowekwa kiwanjani, na atakayegusa ardhi karibu zaidi anapewa kikombe. Kwenye kiwanja cha shamba la Bwana Pamba mlikuwa mkifanya mazoezi kwa gunia la pamba, na ulikuwa unaligusa kama unavyogusa sikio lako. Hukuniambia alama ya Kasongo itakuwa kitu gani. Nadhani hata wewe hukuona kuwa ni jambo la kusema.

Nilitangulia kwa lori, nikalala kwa mama. Asubuhi tulikwenda uwanjani pamoja. Wafungwa walikuwa wamefyeka majani mpaka ardhi inang'aa. Wazungu walikaa hemani na viti na bia zao, sisi tulisimama upande wa pili nyuma ya kamba ya katani, na askari mmoja alikuwa anatembea huku na huku na fimbo. Watu walikuwa wamevaa kama siku ya Idi. Mimi na mama tulisukumwa na umati mpaka mwisho kabisa wa kamba, na hapo ndipo nilipokiona.

Kipande kirefu cha merikani mpya, nyeupe, kimelazwa ardhini, urefu wa mtu mzima, na mawe katika pembe zake nne. Juu yake wameweka kingine kifupi, kimekingama, mahali ambapo kichwa kingekaa. Niliishika kamba, yaya. Nimekata sanda nyingi na najua ukubwa wa mtu kwa macho. Kile kitambaa kilikuwa saizi yako.

Mama naye alikiona. Alikitazama, midomo inasoma dua, halafu akaniuliza kwa sauti ndogo: “Kitambaa ile iko inangoja nani?”

Ndege ya kwanza ikatua, watu wakashangilia. Ya pili ikatua. Wa tatu ulikuwa wewe, nilikujua kwa mlio, nimesikiliza mlio ule chini ya ghala siku ngapi. Ulikuwa bado mbali, upande wa mto, kidoa tu. Askari alikuwa amekwenda kufukuza mbuzi walioingia kiwanjani, na watu wote walikuwa wanatazama juu.

Mimi ndiye niliyekitoa, Ramazani. Upepo niliokutajia haukuhusika. Nilipita chini ya kamba nikakimbia, mimi ninayeogopa hata kuku mwenye vifaranga, nikapiga mawe teke, nikazoa vitambaa vyote viwili nikavifunga tumboni chini ya kikwembe changu. Niliporudi mahali pangu nilikuwa kama mwenye mimba ya miezi saba, na hakuna aliyenitazama. Nilijisikia vizuri. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Kwa mara ya kwanza tangu uingie kwenye kitu kile, hofu ilinitoka na nikapumua. Nilidhani nimekuokoa.

Hukuniambia, na mimi sikujua, kwamba kitambaa kile kilikuwa kinaonesha mahali udongo mgumu unapoanzia. Upande wa huku walikuwa wamebomoa vichuguu wiki ileile na kufukia mashimo kwa udongo mlaini, na marubani wote walikuwa wameandikiwa wapite kitambaa ndipo waguse. Nilikuona unashuka, unasitasita, bawa linacheza kama mtu anayetafuta mlango gizani. Ukagusa hapohapo mbele yetu. Magurudumu yakazama, mkia ukapanda juu, panga likavunjika vipande, na kimya kikaja ambacho mpaka leo nikifunga macho nakisikia.

Sikuweza kukimbia. Nilisimama na sanda yako tumboni, nikaona wazungu na askari wanakimbilia pale. Bwana Pamba alitolewa damu inamtoka puani. Wewe ulitoka mwenyewe, mkono wa kulia umeushika kwa wa kushoto. Na yule mzee, kwa kuchanganyikiwa, mbele ya hema zima, akakugeukia na kusema kwa Kiswahili ambacho kila mtu alikielewa: “Ramazani, juu ya nini umetushusha hapa?”

Nakumbuka glasi zilivyobaki mikononi mwa watu. Ungeweza kukana. Ungeweza kusema Bwana ndiye aliyeshika usukani, yeye ni mzungu, wangependa kuamini. Wewe ukajibu kama fundi anayeulizwa kuhusu kazi yake: “Sikuona kitambaa, Bwana.”

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Mzee walimnyang'anya karatasi na akarudishwa kwao. Wewe walikuchapa, wakakufunga, na ulipotoka walikukataza kukanyaga Kasongo. Ulikuja kwangu Wamaza, kifundo cha mkono kimeunga vibaya, ukakaa siku tatu. Siku ya tatu, ukinywa maji mlangoni, uliniuliza kitambaa kilikwenda wapi. Nikasema upepo ulikichukua. Ukanitazama, ukasema: “Upepo iliondoa na mawe?”

Nilijifanya naona moto unazimika, nikaingia ndani. Nilipotoka ulikuwa umeshika njia ya Kabambare kwa miguu, kifurushi begani, na sikukuita. Niliogopa ungegeuka na kuniuliza tena. Woga gani huo, wa kumwacha ndugu aende bila hata kumwambia safari njema? Nimejiuliza hivyo kila siku.

Mama alifariki mwaka jana, yaya. Pole, nimekuambia vibaya, sijui namna nyingine. Alikuulizia mpaka mwisho. Alipokuwa hoi niliona haya, nikafikiri angalau kile kitambaa kimsitiri yeye, kiishe duniani. Nikakitoa chini ya sanduku. Kumbe alikuwa amejua siku zote, aliniona lile tumbo langu la merikani na akanyamaza. Akakisukuma kwa mkono uliobaki mifupa. Akasema: “Ile si ya mufu. Ile ni ya Ramazani, apate kushukia.” Nikamnunulia kingine.

Nimeshasema. Herufi zimepinda, msomaji atanisamehe. Sasa unajua ni nani aliyekuvunja mkono na kukutoa angani, na ukitaka kunikasirikia unayo haki, nikasirikie mpaka uchoke. Ila ukasirikie hapa, mlangoni pangu, nikikupikia. Hapa Wamaza hakuna aliyekukataza kukanyaga.

Kiangazi hiki, nyuma ya nyumba, pale tunapoanika mihogo, nimekitandaza kitambaa chako. Kirefu chini, kifupi kimekingama, mawe manne, mazito kuliko yale. Majirani wanapita mbali, wanasema nimerukwa na akili, na usiku ule wa kwanza sikulala, kwa sababu kofi la mama bado nalisikia shavuni. Ninaogopa, Ramazani. Naogopa kitambaa, naogopa anga, naogopa kwamba mchuuzi wa samaki atarudi aniambie jina lako kwa sauti ya chini. Juzi ndege ilipita juu kuelekea ziwani. Sikuingia chini ya ghala. Nilisimama karibu na kitambaa mpaka mlio ukaisha.

Uje kwa ndege, kwa lori au kwa miguu yako. Ukikiona kitambaa, pita juu yake, ndipo uguse. Udongo wa upande wa pili ni mgumu. Nimeukanyaga mwenyewe, kila hatua.

Mdogo wako mwenye kazi ya kuogopa,
Mwavita