Tuta Mbele ya Duka

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Dahir amerudi na nyuzi kichwani. Alfajiri lori lake lilipunguza mwendo kwenye tuta, hapa hapa Oyugis, mbele ya duka letu. Vijana wakapanda nyuma, wakakata turubai. Aliposhuka wakampiga jiwe. Mume wangu! Shati nimelifua na kulifua, damu haitoki.

Anasema tuta hilo ni mtego, litolewe. Na mimi nilibeba mawe ya kulijenga — mwaka jana, Boaz, mtoto wa jirani yetu Priscilla, alipogongwa na gari. Tangu hapo hajagongwa mtu. Sasa?

Jumatano, 6 Agosti
Priscilla alikuja kununua sukari. Hakununua. "Mama Hibo, nasikia bwana yako anataka bampu itolewe. Na Hibo atavuka aje kuenda madrasa?" Nikasema sijui. Akaniangalia tu, akaenda. Boaz wake bado anatembea na mkongojo.

Hibo ana miaka saba, hatazami kulia wala kushoto. Nimemfokea bure leo.

Alhamisi, 7 Agosti
Mzee Ombui, fundi cherehani, anaapa zamani barabara ilipita nyuma ya soko. Eti barabara ndiyo iliyotufuata. Japheth kinyozi anacheka: uongo, maduka ndiyo yaliingia barabarani! Walibishana hadi chai ikapoa. Nani alimwingilia nani? Hata mimi sielewi tena.

Jumamosi, 9 Agosti
Baraza. Chifu hataki kura ya karatasi — tupange laini. Wanaotaka tuta libaki, ng'ambo, upande wa msikiti. Wanaotaka litolewe, upande wetu. Barabara katikati!

Dahir alikuwa wa kwanza kusimama, na bendeji yake. Priscilla yuko ng'ambo, amemshika Boaz. Mimi nimekimbilia dukani, eti natafuta funguo. Naandika juu ya gunia la mchele. Funguo ninazo shingoni. Naona aibu.

Dahir anaita, "Asiya, toka bwana!"

Madrasa imetoka. Hibo ameniona mlangoni, huyo, amevuka mbio bila kutazama! Lori la Kisumu — limefika kwenye tuta, limepunguza, amepita. Yarabi!

Dahir ameona. Ameshika bendeji. Lori bado linajikokota juu ya tuta, na vijana wawili nisiowajua wanalifuata nyuma.

Chifu anauliza, Mama Hibo upande gani? Hibo ananivuta mkono, anataka turudi ng'ambo akachukue viatu alivyoviacha madrasa —