Pepeta ya Athumani na Unabii Wangu

Alhamisi, Kiongoroni. Kipupwe kimeingia, mpunga wote umeshavunwa. Vita bado.

Nimejichokea.

Mimi ndiye Mkristo pekee hapa, mwalimu wa kuja, na kijiji kizima kinajua nina kitabu cha manabii. Bi Siti, mwenye nyumba yangu, mwanawe Athumani yuko vitani Bama na jeshi la Mwingereza. Kabla ya mavuno aliniuliza kitabu kinasemaje juu ya vita hivi. Nikamsomea ndoto aliyoifasiri Danieli, ya sanamu kubwa yenye nyayo za chuma na udongo, ikavunjikavunjika, maana Mungu ndiye anayeweka wafalme na kuwaondoa.

"Chuma na tope?" akacheka. "Si manowari ya Mdachi hiyo, ya vita vile vya kwanza, inayooza kule mtoni?"

Laiti ningeishia hapo! Sifa zikanipanda kichwani, nikaongeza la kwangu: basi na Mdachi wa sasa atazama vilevile, na kabla mpunga haujaingia ghalani Athumani atakuwa nyumbani. Nani alinituma? Danieli hakutaja mpunga. Tena huko Bama wanapigana na Mjapani!

Bi Siti akaamini. Akavuna mpunga ukingali mbichi, akaukaanga, akatwanga pepeta, akamwekea mwanawe kopo zima. Kila asubuhi naliona pale mlangoni pake, limefungwa kitambaa, na nakasirika. Najikasirikia mimi. Namkasirikia hata Mungu, kana kwamba ahadi ile niliitoa kwa ruhusa yake. Nahubiri kwamba anatawala mataifa, kisha nampangia siku!

Leo nimekwenda kukiri. Nilimkuta uani anashona mkeka.

"Mama, lile la mavuno halimo kitabuni. Nilitunga mwenyewe. Nisamehe."

Akaendelea kushona; nikatamani anitukane.

"Na lile la wafalme kuwa mkononi mwa Mungu? Hilo limo?"

"Hilo limo, mama."

"Haya."

Akalifuata kopo mlangoni. Fundo la kitambaa lilimshinda mara mbili. Akanimiminia pepeta kwenye bakuli.

"Kula, mwanangu, isije ikaliwa na fukusi. Akija nitamtwangia nyingine."

Nimekula. Sikuthubutu kumtazama.

Kesho akiniuliza lini, nitasema sijui. Ee Mungu, nisaidie niishie hapo.