Swichi za Chini ya Ukingo

Jumatatu, 3 Juni 2013
Redio mbili, pasi, feni. Feni haifai, nimemwambia mwenyewe anunue nyingine. Umeme hakuna mchana kutwa, nguzo imeanguka huko Awasse, kama kawaida. Nimelehemu kwa chuma cha kuchomeka kwenye makaa, kinapoa kabla sijamaliza waya mmoja.

Nimerudi nyumbani, mke wangu Zaituni anapangusa santuri zake kwa kitambaa chenye maji. Harusi zimejaa, watu wanakimbizana na Ramadhani, na kila ua wa wanawake unamtaka yeye awapigie. Wenye simu na spika wapo, lakini shangazi za bibi harusi wanataka santuri za zamani. Sawa. Hilo halinisumbui.

Nassoro amerudi hapa Palma. Hilo linanisumbua.

Jumatano, 5 Juni
Nassoro ndiye mume wa kwanza wa mke wangu. Nimeliandika nione linakaaje kwenye karatasi. Linakaa vibaya.

Alikwenda Pemba, mji wetu wa Msumbiji si kile kisiwa, kutafuta maisha, akatuma talaka kwa mdomo wa mjomba wake, basi. Sasa gesi imemrudisha. Dereva wa kampuni ya gesi kule Afungi. Gari jeupe, buti za njano, kofia ngumu. Kofia anaivaa hata dukani, sijui anaogopa kuangukiwa na sukari.

Mimi nilipeleka karatasi zangu hukohuko mwaka jana. Wakataka diploma. Redio za mji huu zote zimepita mikononi mwangu bila diploma.

Zaituni hamtaji. Kapika samaki kama siku zote.

Ijumaa, 7 Juni
Baada ya swala Nassoro kanipa mkono, kaniuliza habari za nyumbani. Nyumbani kwangu kuna nini kinachomhusu?

Dada yangu Fatuma anasema jamaa anatafuta mke. Hakusema yupi, na mimi sikuuliza. Hapa hasomi mtu, basi niseme: naogopa. Naogopa Zaituni atanidai talaka amrudie yule.

Jumapili, 9 Juni
Zaituni kaniletea jiradisku lake, mashine ya kupigia santuri, kwenye meza ya kazi. Mkanda umelegea, santuri inaimba kwa kuvuta.

Miaka miwili mashine hii iko nyumbani kwangu, sijaifungua hata siku moja. Aliinunua Nassoro huko Mtwara, wakati ule Zaituni bado mkewe. Leo nimeifungua, nikamkuta mle ndani.

Swichi zote mbili zimehamishwa, ya kuwashia na ya mwendo. Kiwandani ziliwekwa juu, upande wa kulia, kama zinavyowekwa siku zote. Matundu yale yamezibwa kwa vipande vya mbao, msasa umepita mpaka kidole hakisikii kitu. Swichi zimepelekwa kushoto, ubavuni, chini ya ukingo wa sanduku. Hazionekani. Lazima upapase. Nani mwenye akili anaweka swichi mahali pa kupapasa?

Kisha nikaelewa. Mashoto. Nassoro ni mashoto, kajitengenezea mwenyewe kwa mkono wake. Na mke wangu mpaka leo anapapasa alipozoea kushika yule.

Kalehemu vizuri. Hilo ndilo limeniuma kuliko yote. Sikujua kama anaijua kazi.

Jumatatu, 10 Juni
Nimezihamisha. Sikumuuliza Zaituni.

Nimezibua matundu ya juu kwa keekee, nimezirudisha swichi kulia, matundu ya ubavuni nimeyaziba kwa gundi na unga wa mbao. Mvumo umetokea, maana waya za umeme sasa zinapita karibu na waya za sindano. Nimezisokota. Mvumo umepungua, haujaisha. Nani atausikia na vigelegele vile?

Nimekaza mkanda, nimefunga kifuniko, nikavuta sigara nje. Nimemtoa Nassoro nyumbani kwangu. Nilijisikia vizuri mpaka jioni.

Jumanne, 11 Juni
Nimempa mashine yake. Kaketi, kajifunika kanga kama afanyavyo kila mara, kapitisha mkono chini ya ukingo. Hakukuta kitu. Kaniangalia.

Nikamwambia nimezirudisha zinapotakiwa kuwa. Kasema, "Haya."

Hiyo haya yake nalala nayo.

Alhamisi, 13 Juni
Hapigi santuri nyumbani. Zamani alipiga kila alasiri akichambua mchele. Nimemuuliza kulikoni. Eti mvumo unamuumiza kichwa.

Uongo. Anaona uchungu kwa sababu nimegusa kitu cha Nassoro. Mtu akila kwako, akilala kwako, na moyo kauacha kwa mwingine, utamfanyaje?

Jumamosi, 15 Juni
Harusi. Wanaume tuko nje na sinia za pilau, wanawake ndani ya ua wa makuti. Nassoro kakaa sinia ya pili, amevua kofia, leo ndiyo nimeona ana upara.

Santuri ya kwanza ilianza vizuri. Ya pili, sindano ikakwaruza mpaka meno yakaniuma. Kimya. Ikaanza tena, mwendo sio, mwimbaji akawa na sauti ya kitoto. Wanawake wakacheka. Ikakwaruza tena. Nassoro akaacha tonge njiani, akageuka kwenye ua, kisha akanitazama mimi. Nikatazama wali.

Halafu ikaja ngoma ya kwenye simu, na ikaendelea hiyo mpaka mwisho.

Fatuma alikuwa ndani. Anasema Zaituni alikuwa anahangaika kama mtu anayeshika mashine mara ya kwanza, mkono wa kulia unagonga mkono wa sindano, jasho linamtoka. Shangazi wa bibi harusi kamuuliza kama anaumwa, kisha kamwambia kwa upole apumzike. Zaituni kafunga santuri zake katikati ya watu.

Jumapili, 16 Juni
Hajalia. Kafagia, kapika, kaniwekea maji ya kuoga. Wenye harusi ya wiki ijayo wameleta salamu kwamba watatumia simu.

Nilidhani nitafurahi. Sikufurahi.

Jumanne, 18 Juni
Nassoro kaja na gari lake kwenye kibanda changu cha ufundi. Kaleta redio yake, imenyamaza. Nilitaka kumwambia nina kazi nyingi, lakini kibanda kilikuwa kitupu.

Kaifungua redio mwenyewe, hakuningoja. Nikatazama mkono. Bisibisi mkono wa kulia. Karudisha skrubu, kulia. Kalegeza nati iliyoshika kutu, akikaza meno, kulia. Kula kwa kulia tunalazimishwa wote, kuandika pia, lakini nati yenye kutu mtu huifungua kwa mkono aliozaliwa nao.

Nikamuuliza, "Kwani wewe si mashoto?"

Kacheka. "Mimi? Hapana." Kisha kacheko kakakatika. Kaangalia meza yangu, kaangalia nje. Kasema taratibu, "Fundi, kumbe hujui."

Nikamwambia najua. Kachukua redio yake na kuondoka nayo hivyohivyo, mbovu.

Nimekaa mpaka adhuhuri najiuliza: kama si yeye, swichi zile zilikuwa za nani?

Alhamisi, 20 Juni
Nimemuaga Zaituni kwamba naenda kazini, nikazunguka nyuma ya nyumba. Aibu ninayo, lakini nimefanya.

Yuko jikoni peke yake anamenya muhogo. Kisu mkono wa kushoto. Kinakimbia, maganda yanaanguka marefu, hata hatazami. Sijawahi kumwona na wepesi ule. Nikakohoa. Kisu kikahamia kulia kabla hajageuza kichwa. Kitendo cha mtu aliyekifanya maisha yake yote.

Miaka miwili tunakula sinia moja. Kulia. Ananipa kikombe kwa kulia, anapokea kwa kulia. Kwetu mtoto akinyoosha mkono wa chooni anapigwa mpaka asahau. Sasa ningejuaje?

Lakini Nassoro alijua. Akamtafutia mahali chini ya ukingo, kanga inapoangukia, afanye kazi kwa mkono wake na asionekane na mtu. Swichi zilikuwa za Zaituni. Hazikuwa za Nassoro hata kidogo.

Nilimwonea wivu wa gari na kofia. Wivu wa leo ni mwingine, na ni mbaya zaidi.

Ijumaa, 21 Juni
Nimemwambia nimemwona. Kakaa chini palepale.

Kaniambia bibi yake alikuwa anamfunga mkono ule kwa ukambaa wakati wa chakula. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Kasema angeanzia wapi, na mama yangu alishawahi kusema mbele yake kwamba chakula cha mashoto hakina baraka. Kweli alisema. Nakumbuka mimi nilicheka.

"Nassoro ulimwambia?"

"Aliona mwenyewe."

Afadhali angenipiga kofi. Nikamuuliza lile nililoogopa wiki zote hizi, kama anataka kumrudia. Kaniangalia kama nimemuuliza jambo la kipuuzi.

"Aliona, na bado akaniacha. Nimrudie nikafanye nini?"

Nikatoka uani. Nilikaa huko mpaka macho yakakauka.

Jumapili, 23 Juni
Nimezirudisha swichi. Nilimwambia niziweke kushoto lakini juu, wazi, na anayetaka kusema aseme. Kakataa. Chini, palepale. Watu hawajabadilika, kasema, na yeye anataka kupiga santuri, hataki kesi.

Basi nimezibua matundu ya Nassoro. Nilijaribu kutoboa mengine pembeni, yawe yangu. Hakuna nafasi, mota inazuia. Nimepima huku na huku. Mahali ni pale tu alipopachagua yule mshenzi, na mvumo umeisha kabisa.

Jumamosi, 29 Juni
Harusi nyingine. Fatuma aliwabembeleza wenye shughuli mpaka wakakubali. Nimekaa mgongo kwenye makuti. Hakuna kilichokwaruza. Wanawake walikataa kutawanyika.

Ijumaa, 5 Julai
Mwezi wa Ramadhani unakaribia. Kazi chache, redio moja tu. Nimerudi mapema.

Zaituni alikuwa anamenya muhogo, santuri inazunguka kando yake. Nikakohoa kama kawaida yangu. Kisu hakikuhama. Kaendelea kumenya kwa kushoto, mimi nimekaa mbele yake.

Sikutazama sana, asije akaona haya. Bila shaka Nassoro naye alikaa hivi, akatazama. Bado inauma. Nimechukua kisu cha pili, nikamenya naye.