Ndagala Tulizoziacha Mvuani

Mama,

Amahoro, amani iwe nawe huko uliko. Huku tunapumua. Kuku wako mweupe ametaga chini ya kitanda chako na hakuna aliyethubutu kumfukuza. Shangazi bado yupo, analia vizuri na anakula vizuri zaidi. Mawese ya safari hii ni mazito, yale uliyopenda kwenye maharage. Wachuuzi wa Bujumbura wakishuka hapa Magara, sasa mimi ndiye wanayeniuliza bei, nami kila mara nageuka nyuma kukutafuta unisaidie kukataa.

Nimeanza na kuku kwa sababu naona haya kuanza na lililonileta.

Jumapili hii tunaondoa kilio chako, tunafunga matanga. Unaijua desturi: nyimbo zikiisha, mtoto mkubwa anasimama mbele ya kanisa na kusimulia maisha ya marehemu. Shangazi ameshanipangia maneno. Niseme ulivyovuka ziwa kutoka Fizi ukiwa na mimi mgongoni. Niseme ulivyoongoza umoja wa kina mama, na ulivyokuwa ukinigawia kichwa cha samaki wa mukeke, ukidai wewe hupendi kichwa. Yote ni kweli. Lakini yupo Furaha, Mama. Nitamweka wapi Furaha?

Wewe ndiye uliyempokea alipovuka ziwa kutoka Baraka. Ulimpa nafasi ya kuanika kando yetu, ukamfundisha kugeuza ndagala, visamaki hivi vya ziwa letu, bila kuzikata vichwa. Akaja akapata mimba ya mvuvi mwenye mke wake kule Kabonga, na kanisa likamtenga na meza ya Bwana. Hapo sina neno. Alikosa, naye mwenyewe hakukana. Ila wewe hukuridhika na meza ya Bwana. Ulimfuata mpaka kwenye mchanga.

Sheria ya ufuko wetu haijaandikwa popote, lakini hata mtoto anayetambaa anaijua. Wingu likitoka upande wa milima ya Kongo, huulizi hizi ni za nani. Unazoa ndagala zilizo karibu na miguu yako, ziwe za Mwislamu, ziwe za uliyetukanana naye asubuhi, maana na zako kuna mtu anazizoa huko. Wewe ndiye uliyenifundisha hivyo, nikiwa bado napangusa kamasi kwa mkono.

Siku ile wingu lilikuja kwa haraka. Furaha alikuwa amekwenda kituo cha afya kupimwa. Ndagala zake zilikuwa pale pale miguuni kwetu, kavu, nyeupe, zimebakiza jua la mchana mmoja. Nilikuwa nimeshafunga kitenge kiunoni, nimeinama. Ukainua mkono. "Za ule mwanamuke mutu asiguse. Kama Mungu anazitaka kavu, atazianika Yeye mwenyewe."

Wamama wakacheka. Na mimi nikacheka, Mama. Sikulazimishwa. Lilikuwa neno tamu, na wewe ulikuwa bingwa wa maneno matamu.

Alirudi anakimbia na tumbo lake, akapiga magoti, akawa anazizoa kwenye tope kwa kitenge alichovaa. Sisi tulikuwa chini ya bati, wakavu, tunamtazama. Zilivyoanza kuoza, harufu ilijaa ufuko wote, na wewe ukasema hiyo ndiyo harufu ya dhambi. Ilikuwa harufu ya samaki, Mama. Tulioziozesha ni sisi.

Kisha miguu yako ikavimba, ukashindwa kushuka ziwani. Wamama wa umoja walikuja, wakaomba, wakarudi tena, halafu wakapungua. Siwalaumu, ndagala hazingoji mgonjwa. Mimi pia nilishinda mchangani. Lakini kila nikirudi nilikukuta umeoga, umepakwa mafuta, mashuka yako yako kwenye kamba. Nikikuuliza, unageukia ukutani: "Wamama wa kanisa walipita." Nikawa naenda kuwashukuru, nao wakipokea shukrani bila kushtuka, kila mmoja akidhani namshukuru kwa maombi.

Tukakuzika. Mvua ilitukuta makaburini, na ndagala zako za mwisho nilikuwa nimeziacha zimetandazwa, nani angezikumbuka siku ile. Niliporudi mchanga ulikuwa mtupu. Muuza mandazi akaninyooshea kidole nyumbani kwa Furaha. Yeye hakuja kukuzika, nani angempisha? Alibaki huku. Nilimkuta mtoto wake kalala kitandani, na ndagala zako zimejaa sakafu yote, kavu, hata mahali pa kukanyaga hapakuwapo.

Nilikuwa nimejipangia maneno. Mlangoni yakanikimbia yote, nikabakiwa na hili: "Furaha, mama yangu alikukosea."

Akanishika mkono. "Dada, mama yako aliisha niomba musamaha. Alilia mpaka nikamufuta machozi na ile kitambaa nilikuwa ninamuogeshea. Ile mambo ilikwisha. Usiambie mutu, watamusema vibaya."

Nilikaa chini palepale kati ya samaki wako. Nilifurahi kwamba uliomba radhi. Halafu nilipofika nyumbani nikakukasirikia kuliko nilivyowahi kukukasirikia ungali hai. Mbona ulimtukana mbele ya ufuko mzima, ukamwomba radhi mlango ukiwa umefungwa? Ulikuwa na miezi ya kuniita, useme, "Nyota, waambie wamama nilikosea." Ukaona aibu. Ukaniachia wamama wa kanisa uliowatunga.

Kwa sababu amri yako hatukuizika, Mama. Mpaka leo wanapita kando ya ndagala za Furaha kama wanaopita kando ya shimo. Mvua imenyesha tena na tena, hakuna aliyezigusa. Mimi niligusa. Lakini nisikudanganye wewe ambaye huwezi tena kudanganywa: kwanza niliangalia nyuma kuona nani ananitazama. Kila Jumapili Furaha anakaa nje, chini ya dirisha la kanisa, ananyonyesha na kusikiliza mahubiri ya upendo yanayopita juu ya kichwa chake. Sisi ndani tunaitikia amina, na mimi naitikia kwa sauti kubwa.

Nilimweleza Shangazi. Akavua miwani. Akasema marehemu hasemwi, na mtoto anayemvua mama yake nguo mbele za watu hujitafutia laana. Tangu hapo silali vizuri. Laana naiogopa, wewe unanijua. Naogopa pia kukosa macho ya kuwatazama wamama, kukosa mahali pa kuanika, kuitwa mtoto asiye na adabu kwenye ufuko uliokuwa wako. Mara mbili nimeamua kusoma maneno ya Shangazi na kukaa.

Lakini nikikaa, amri yako itaendelea, na sasa itakuwa yangu. Wewe uliitoa kwa hasira. Mimi nitakuwa nimeishika kwa woga tu, nikijua kila kitu. Nilimwona Mungu mkali kwa sababu wewe ulikuwa mkali, halafu nikagundua mtu aliyekatazwa mkate wa Bwana ndiye aliyekuwa akikuogesha. Sijui mchungaji atalisemaje hilo. Mimi nimelielewa, na limenitia haya mpaka kwenye mifupa.

Ila siri ile si yangu peke yangu. Furaha alinikataza. Kwa hiyo jana nimekwenda kumwomba ruhusa. Nilimwambia nataka kusema yote Jumapili, siku ya mvua, amri, kicheko, na jinsi ulivyolia. Nilimwambia sitasema "kuna mtu", nitataja jina lako na langu.

Akamweka mtoto mgongoni, akamfunga, akalegeza fundo, akamfunga tena. Nilidhani atakataa. Kisha akasema, "Basi sema. Lakini anza na kicheko yako wewe. Mama yako umuweke mwisho, pale alikuwa analia, ndio watu waende nyumbani na ile."

Nimekuahidi mambo mengi ungali hai, na mengine nilikuwa nakutuliza tu. Hili nitalifanya. Nitasimama, nitaanza na kicheko changu, wakinichukia wanichukie mimi kwanza. Wewe nitakuweka mwisho, kama alivyosema yeye. Hata leo anakutafutia mahali pazuri, Mama, na sisi hatukumwachia hata pa kukaa.

Pumzika. Mimi sijapumzika.

Mwanao wa kwanza,
Nyota